Beni-Butembo: «Niko na gastriti», lakini nani ameangalia ndani?

Katika famasi moja ya komine ya Beu, hapa mjini Beni, nilipanga mstari nyuma ya mama mmoja muuza ndizi. Mkono wake ulikuwa umeshika pale katikati, chini kidogo ya mbavu, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Hakusema mengi. «Gastriti imerudia,» akamwambia kijana wa famasi. Kijana hakumuuliza swali hata moja. Alikata vidonge 4 vya omeprazoli kwenye plaketi, akaongeza vingine «vya kutuliza maumivu», akavifunga katika kipande cha karatasi, akapokea franka zake. Kununua inite za simu kunachukua muda mrefu kuliko hapo.

Vile vidonge vya kutuliza maumivu vilikuwa diklofenaki. Niliviona na sikusema kitu, na hilo limenikaa rohoni hadi leo. Nitalirudilia.

Jina hili la gastriti limekuwa la kila mtu katika Beni na Butembo. Mwendesha pikipiki akichelewa kula, ni gastriti. Mwanafunzi akikosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani wa taifa, ni gastriti. Baba akiamka na tumbo chungu kisha jana alikuwa kwenye kasiksi, ni gastriti. Zamani mgonjwa alitoka kituo cha afya na moja kati ya majina 2, malaria ama tifoide. Leo majina yamekuwa 3. Hatusemi kwamba watu wanajifanya wagonjwa. Wanaumwa kweli, na wengine wanakufa. Tunachokataa ni jina kuchukua nafasi ya kipimo.

Maana kwa wanganga, gastriti ni ngozi ya ndani ya mfuko wa chakula iliyovimba na kuwa nyekundu. Uvimbe huo ukiwa mbele kidogo, pale utumbo mwembamba unapoanzia, wanauita duodeniti. Basi. Jina linaeleza hali ya ngozi, halielezi nani ameipiga. Ni kama mtu afike hospitali na mguu uliovimba, munganga aandike kwenye fishi «mguu umevimba», kisha amtume nyumbani na dawa ya uvimbe. Ni mwiba? Ni nyoka? Ni mfupa umevunjika? Kwa mguu hakuna anayekubali jibu la namna hiyo. Kwa tumbo tunalikubali, tunalipa, na mwezi unaofuata tunarudi.

Tuzungumzie kidogo hiyo sehemu ya mbele, sababu ndiyo inayosahauliwa. Duodeni ni mwanzo wa utumbo mwembamba, urefu wake karibu sentimeta 25. Jina lake linatokana na hesabu ya vidole 12. Herophilus, munganga aliyefanya kazi mjini Alexandria, huko Misri, karibu miaka 300 kabla ya Yesu Kristo, alilipima kwa upana wa vidole vilivyopangwa pamoja, na hesabu hiyo ikabaki hadi sasa. Ni sehemu fupi yenye kazi ngumu: inapokea asidi kali kutoka mfuko wa chakula, nyongo kutoka ini, na maji ya kongosho ambayo kazi yake mojawapo ni kupoza ile asidi. Asidi ikizidi, au ngozi ikidhoofika, hapo ndipo moto unawaka.

Mgonjwa atasema tumbo linachoma pale juu katikati, mara nyingi wakati wa njaa au usiku wa manane, na akila kidogo linatulia. Wengine wanashiba kwa vijiko 3 vya bugali. Wengine wanasikia kichefuchefu asubuhi. Lakini dalili hizo hizo zinatokea ikiwa shida iko kwenye mfuko wa chakula, na mara nyingine hata ikiwa ni mawe ya nyongo. Hakuna munganga, hata awe profesa, anayeweza kugusa tumbo kwa nje na kusema bila kosa kwamba hii ni duodeni na ile ni mfuko. Sasa kijana wa famasi anaweza namna gani, tena bila kuuliza?

Kwa watu wa milima yetu, jambo hili lina historia. Mwaka 1975 watafiti 2, Tovey na Tunstall, walichapisha katika jarida la Gut la Uingereza ramani ya vidonda vya duodeni katika Afrika kusini ya Sahara. Walikusanya ripoti za hospitali, wakatuma maswali, wakatembelea nchi. Ugonjwa haukusambaa sawasawa. Kulikuwa na maeneo ambako ulionekana kwa nadra, na mengine ambako ulijaa, na kati ya hayo yaliyojaa ni mstari wa milima inayogawanya maji ya mto Nile na mto Congo. Mkaaji wa Butembo hahitaji kuelezwa mstari huo uko wapi. Mvua inayonyesha upande mmoja wa vilima vyetu inashuka Semliki, inaingia ziwa Albert, inaenda Nile. Ile ya upande mwingine inakata msitu na kwenda Congo. Tunaishi juu ya mstari wenyewe. Kwa hiyo si ajabu kwamba tumbo linasumbua huku. Ajabu ni kwamba nusu karne imepita na bado tunaliuzia vidonge 4 ndani ya karatasi.

Wakati wa ramani ile, wanganga walidhani chanzo ni asidi, wasiwasi na chakula. Mwaka 1982, mjini Perth huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha bakteria iliyokuwa inaonekana kwenye vipande vya ngozi ya tumbo la wagonjwa. Wenzao hawakuamini kwamba kiumbe kinaweza kuishi ndani ya asidi. Mwaka 1984 Marshall alichukua kikombe kilichojaa bakteria hizo, akakinywa, na baada ya siku chache alikuwa anatapika, na kipimo kikaonyesha ngozi ya tumbo lake imevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipata tuzo ya Nobel. Bakteria yenyewe ni Helicobacter pylori, ambayo kwetu watu wameifupisha wakaiita Heliko.

Heliko inaingia mapema, mara nyingi tungali watoto, kwa njia ya mate, matapishi na uchafu wa choo, hasa katika nyumba zenye watu wengi na maji machache. Utafiti uliokusanya takwimu za dunia nzima mwaka 2017 ulikadiria kwamba Afrika watu wapatao 70 kwa 100 wanaibeba. Inakaa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula na kuchochea asidi. Asidi ikimwagika nyingi ndani ya duodeni, ngozi ya pale inajibadilisha kujilinda, inafanana na ngozi ya mfuko, na Heliko inapata kwake pa pili. Hapo duodeniti inaanza, na kwa wengine inafuata kidonda.

Wengi wanaobeba Heliko hawataumwa kamwe. Hilo pia lisemwe, kwa sababu kuna maabara ambazo kazi yake imekuwa kuwatisha watu. Na hapa nieleze yaliyonipata mimi.

Miaka michache iliyopita nilianza kuchomwa tumbo kila usiku. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilinichukua damu kwenye kidole, baada ya dakika chache nikaambiwa: Heliko pozitifu. Nikapewa dawa za siku 7. Nikazimaliza. Baada ya miezi 2 maumivu yakarudi, nikarudi, damu ikapimwa tena: pozitifu. Dawa tena. Mara ya tatu vilevile. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mwili wangu una kitu kisichotoka. Ni munganga mwingine, Butembo, aliyecheka kwa huruma na kunieleza: kipimo kile cha damu kinatafuta alama ambazo mwili unaacha baada ya kupigana na mikrobe, na alama hizo zinaweza kubaki miezi mingi, hata miaka, wakati mikrobe imekwisha kufa. Ukipimwa damu baada ya matibabu, unaweza kusoma «pozitifu» hadi uzee. Kipimo kinachofaa ni cha choo kinachotafuta Heliko yenyewe, ama cha pumzi ambacho huku hatukioni. Na hata hicho cha choo kina sheria yake: mgonjwa aache omeprazoli wiki 2 kabla, na asiwe amekunywa antibiotiki wiki 4 zilizotangulia, la sivyo mikrobe inajificha na karatasi inasema uongo.

Akaniuliza tena swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza: «Unakunywa dawa gani nyingine?» Nilikuwa na mgongo mbovu. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54, na mwandishi wa habari anazipita juu ya pikipiki, kwenda na kurudi, mara kadhaa kwa wiki. Kila jioni nilimeza ibuprofeni. Hakuna aliyeiandika popote. Niliacha ibuprofeni, nikatumia omeprazoli kwa wiki kadhaa kama alivyoandika, na usingizi ukarudi.

Ndiyo maana nilishtuka kwa diklofenaki ya yule mama. Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, aspirini: dawa hizi zinatuliza viungo kwa kuzuia kitu fulani mwilini, na kitu hicho hicho ndicho kinachosaidia kulinda ngozi ya tumbo na ya duodeni. Ukimeza siku 2 kwa sababu ya jino, si kitu kikubwa kwa kijana mzima. Ukimeza kila siku, tumbo tupu, unachimba shimo. Na nani anameza kila siku kwetu? Wasukuma chukudu. Wabeba mizigo wa soko. Wakulima wanaoshuka na mihogo mgongoni. Waendesha pikipiki. Watu ambao mwili ndio mtaji wao wanakunywa kidonge asubuhi ili waweze kuanza kazi, kwa kikombe cha chai, bila chakula. Jioni tumbo linachoma, wanarudi famasi ile ile, wanapewa cha kuzima moto pamoja na cha kuuwasha. Hatusemi wauzaji wanafanya kwa ubaya. Wengi hawajafundishwa, na wengine si wenye kazi hiyo, wanamshikia ndugu duka tu.

Kuna wengine ambao hawana Heliko wala diklofenaki. Minyoo ya ankilostome, ile inayoingia kwa nyayo za mtu anayetembea pekupeku shambani, inashika meno yake hapo hapo juu ya utumbo mwembamba na kunyonya damu. Giardia, kijidudu cha maji machafu, nacho kinapenda duodeni. Kinaleta tumbo kujaa upepo, kuhara kwa mafuta, na kukonda. Hawa wote wanaonekana kwa kipimo cha kawaida cha choo chini ya mikroskopi. Na mikroskopi ni ile ile tunayotumia kutafuta malaria, hata katika vituo vidogo. Tunayo. Lakini mtu akisema «gastriti», choo hakiombwi tena. Nimeona fishi za wagonjwa waliotumia omeprazoli mwaka mzima, na hakuna mstari hata mmoja wa kipimo cha choo.

Na sasa jambo zito, lile linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Kidonda cha duodeni kikikaa miaka bila kutibiwa, kinapona na kufunguka, kinapona na kufunguka, mwishowe kovu linakaza njia. Chakula hakipiti. Mgonjwa anakula asubuhi, jioni anatapika kile kile alichokula asubuhi, pengine hata cha jana. Anakonda haraka. Macho yanaingia ndani. Katika miji yetu, mtu wa namna hiyo haelekezwi kwa munganga wa upasuaji. Familia inakutana usiku na kusema: amelishwa sumu. Wengine wanasema karuho. Wanatafuta aliyemkaribisha kinywaji mwisho, mke mwenza, jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Anapelekwa kwa mtu wa kutapisha sumu, na mwili uliokwisha kukosa maji unatapishwa tena siku 3. Mimi sitaki kusema kwamba hakuna anayemwekea mwenzake sumu duniani. Hayo ni ya polisi na maabara. Ninasema kwamba njia iliyozibwa na kovu inaonekana kwa macho, kwa kamera, na inafunguliwa kwa upasuaji ambao wanganga wa upasuaji wa nchi hii wanaujua tangu zamani. Miaka ile ya ramani ya Tovey, kuziba kwa njia ya chakula kulikuwa moja ya sababu kubwa za kupasua tumbo katika hospitali za Afrika. Kabla ya kumtaja jirani, familia ingeuliza hospitali.

Kamera tunayoizungumzia ni fibroskopi. Bomba jembamba linalopinda, lina taa, linapita mdomoni hadi kwenye duodeni. Aliyeitengeneza ya kwanza ya kisasa, Basil Hirschowitz, alizaliwa Afrika Kusini, na mwaka 1957 huko Marekani aliimeza mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Kipimo hakipendezi, ila ni cha dakika chache. Vituo vyenye mashine hiyo katika Beni na Butembo vinahesabika kwa vidole, na kwa mchuuzi wa sokoni bei yake ni ya kukaa vikao.

Basi tusidanganyane kwamba kila anayechomwa tumbo apelekwe kamera. Haiwezekani, na haihitajiki. Wengi wanaofanyiwa fibroskopi kwa sababu ya tumbo hawakutwi na kidonda chochote. Kijana asiye na dalili za hatari anaweza kuanza kwa maswali mazuri, kipimo cha choo cha Heliko na cha minyoo, na kuacha dawa zinazochoma. Lakini kuna watu ambao kuwapa omeprazoli bila kuwatazama ndani ni kuwachezea maisha. Anayepata choo cheusi kama lami, chenye kunata, na hatumii vidonge vya chuma. Anayetapika damu, ama kitu kama unga wa kahawa. Anayekonda bila sababu. Anayekwama chakula kooni. Anayetapika kila siku. Aliyepungukiwa damu bila kujua inakoenda. Mzee ambaye tumbo halikuwahi kumsumbua, na sasa limeanza. Na yule ambaye maumivu yamemkata ghafla kama kisu, tumbo limekuwa gumu kama ubao: huyo hata kamera asingojee, ni upasuaji usiku huo huo, kwa sababu utumbo umetoboka.

Hapa niwageukie wanganga wenyewe, kwa heshima. Karatasi ya fibroskopi iliyoandikwa «duodeniti» si mwisho wa safari. Imesema ngozi ni nyekundu. Bado haijasema kwa nini. Mgonjwa amelipa pesa nyingi apate kamera, anatoka na neno jipya la Kifaransa na plaketi ya omeprazoli, yaani amerudi pale pale famasi ya Beu, ila sasa ana deni. Wakati kamera iko ndani ndiyo nafasi ya kuchukua vipande vidogo vya ngozi, kuvipima Heliko, na kama kuna kidonda kwenye mfuko wa chakula kuvituma kwa wataalamu wa kuchunguza nyama za mwili, maana vidonda vingine vya mfuko ni kansa iliyojificha. Shirika la utafiti wa kansa la OMS liliiweka Heliko kati ya visababishi vya kansa tangu mwaka 1994. Kweli, wataalamu hao ni wachache nchini na vipande vinasafiri mbali. Lakini kipande kisichochukuliwa hakisafiri kabisa.

Tena kamera yenyewe isafishwe sawasawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa maji safi na dawa yake. Kamera chafu inaweza kumbebesha mtu mikrobe ambayo hakuja nayo.

Halafu matibabu. Heliko haifi kwa vidonge 4. Inahitaji omeprazoli pamoja na antibiotiki angalau 2, kwa kawaida amoksisilini na klaritromisini au metronidazoli, na wataalamu wengi leo wanataka siku 14 kamili. Kwetu kuna shida ya ziada. Metronidazoli, ile Flagyl ambayo kila mama ana plaketi yake chini ya godoro, imetumika kwa kila kuhara, kila harufu, kila wasiwasi, kiasi kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Heliko nyingi zimekwisha kuizoea. Klaritromisini nayo inaelekea huko: mwaka 2017 OMS iliiandika Heliko isiyosikia klaritromisini katika orodha ya bakteria ambazo dunia inahitaji haraka dawa mpya dhidi yake. Kila nusu-matibabu tunayouza Beu, Bungulu, Kimemi au Bulengera ni darasa kwa mikrobe. Anayemaliza siku 14 angepimwa choo tena baada ya wiki 4 au zaidi, aambiwe kama imekufa. Nani kati yenu amewahi kuambiwa arudi kwa kipimo hicho?

Watu watasema: wewe unaandika juu ya tumbo, wakati watu wanakatwa mapanga. Ninalijua. Tunahesabu maiti za mashambulizi ya ADF tangu 2014, na hali ya dharura ya kijeshi imewekwa tangu Mei 2021. Lakini vita ndiyo inayofanya tumbo kuwa la hatari. Waliokimbia vijiji wamebanana katika nyumba za ndugu zao mjini, watoto 8 katika chumba kimoja, na maji ya kubeba kichwani; Heliko haihitaji zaidi ya hapo. Na mtu anayetapika damu saa 3 za usiku upande wa Eringeti au Kamango hana njia ya kufika hospitali kuu kabla ya asubuhi. Ugonjwa ambao mahali pengine ungemlaza hospitali siku 5, hapa unamuua barabarani. Unapaswa kukamatwa mapema zaidi kwetu kuliko kwingine.

Tusisahau pia Ebola. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa ule ulishika watu 3,470 na kuua 2,287 katika eneo hili, na mwaka 2021 ulirudi tena Butembo na Beni. Miaka ile, kusema mbele ya muuguzi «tumbo linauma na ninatapika» kulikuwa kama kujiandikisha kupelekwa kwenye hema za plastiki. Watu wakajifunza kuongea na famasi badala ya kituo. Ebola iliisha, desturi ikabaki. Ndoo za kunawia mikono, kwa upande wake, zimetoweka kwenye milango.

Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 Januari 2025, serikali ya mkoa inafanyia kazi hapa Beni. Wakubwa wa afya wa mkoa wanakunywa maji tunayokunywa, na famasi ziko chini ya madirisha yao. Mgonjwa aliyekuwa anatumwa Goma kwa kipimo kikubwa sasa anaambiwa auze shamba avuke Kasindi kwenda Uganda. Hatuombi hospitali mpya. Tunaomba kipimo cha choo cha Heliko kiwe katika kila hospitali kuu ya Beni, Butembo, Oicha na Lubero, na kile cha damu kisiuzwe tena kama ushahidi wa kupona. Tunaomba bei ya fibroskopi iandikwe ukutani, na sehemu ya bei hiyo ibebwe kwa wenye dalili za hatari. Mpango wa afya kwa wote ambao Kinshasa iliuanza Septemba 2023 kwa uzazi bila malipo ni jambo jema; siku utakapopanuka, mtu anayetapika damu awe karibu na mwanzo wa orodha. Na wakaguzi wa famasi, ambao tunawaona hasa wakati wa kukusanya ushuru, waanze na swali moja tu: nani hapa amesomea dawa?

Wiki iliyopita nilimkuta tena yule mama, kwenye meza yake ya ndizi. Nilijitambulisha, nikamweleza juu ya diklofenaki, kwa aibu, maana nilipaswa kusema siku ile. Alinisikiliza huku akipanga ndizi. Alisema mgongo unamuuma tangu walipokimbia kijiji, na bila kidonge hawezi kubeba. Kisha akauliza: «Hicho kipimo cha choo, kinafanyika wapi, na ni pesa ngapi?» Nilimtajia kituo cha karibu, na mbele yake nikapiga simu kuuliza bei. Kule waliniambia reaktifu zilikwisha tangu mwezi uliopita, tupige tena mwisho wa mwezi.